UZI: Rekodi za lakrosi ya wanawake vyuoni Marekani, mbona tunahesabu wafungaji tu?

Kalamu_ya_Pembeni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Najua humu jukwaani wengi wetu ni mpira wa miguu na kidogo basketi, ila tupo wachache tunaofuatilia lakrosi, ule mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, hasa sisi tuliohamia huku Maryland maana huku mabinti wanashika ile fimbo ya wavu wakiwa wadogo kabisa na mzazi hata usipopenda utajifunza tu. Mimi nilianza kwa kukaa pembeni ya uwanja na daftari nikimwandikia binti wa dada yangu namba zake, sasa hivi nafuatilia ligi ya vyuo kama watu wanavyofuatilia Simba na Yanga.

Sasa fainali ya 2025 imepita, North Carolina kamfunga Northwestern 12-8 na kamaliza msimu 22-0 bila kupoteza hata mechi moja. Lakini kila ninapopita naona watu wameshika namba moja tu, 109. Yaani Madison Taylor wa Northwestern kafunga magoli 109 ndani ya msimu mmoja, kaivunja ya Charlotte North wa Boston College aliyefunga 102 mwaka 2021. Ni kazi kubwa sana, simpunguzii hata kidogo.

Ila nina jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Kwenye lakrosi anayefunga anaandikiwa goli moja, aliyempa pasi ya mwisho anaandikiwa asisti moja, ukijumlisha unapata pointi, goli na asisti zina uzito sawa kabisa kwenye karatasi. Sasa kama uzito ni sawa kwa nini tukiulizwa nani bora wa muda wote tunakimbilia magoli? Mimi nasema rekodi kubwa kuliko zote nilizowahi kuona kwenye huu mchezo ni ya Kylie Ohlmiller wa Stony Brook, msimu wa 2017. Magoli 78, asisti 86, jumla pointi 164. Mtu mmoja! Na alipomaliza chuo 2018 alikuwa na pointi 498, kati ya hizo asisti 246. Kabla yake namba iliyokuwa inaogopwa ni 445 za yule Muaustralia Jen Adams wa Maryland, aliyemaliza 2001.

Karibuni tujadili, ila tuje na hoja.

---

Mchafukoge77

Mkuu mimi ni mgeni kabisa hapa naomba nieleweshwe kwanza, wanacheza wangapi na dakika ngapi? Na mtu anafungaje magoli 100 kwa msimu, mbona mpira wa miguu mtu akifika 30 tunamshangilia nchi nzima

---

Kalamu_ya_Pembeni

@Mchafukoge77 karibu sana ndugu. Upande mmoja wanacheza 12 pamoja na kipa. Mechi ni dakika 60, zamani walikuwa wanagawa vipindi viwili vya dakika 30 ila kuanzia msimu wa 2022 wameweka robo nne za dakika 15. Magoli ni mengi kwa asili yake, timu kufunga 12 au 15 ni kawaida, kwa hiyo mtu akifika wastani wa magoli manne au matano kwa mechi na timu yake ikafika mbali kwenye mtoano ndio unaona anakaribia 100. Msimu unakuwa na mechi 20 na kitu hivi kwa timu zinazofika mwisho. Kwa hiyo kulinganisha na mpira wa miguu haitaenda, iangalie kama kitu katikati ya hoki na basketi.

---

Otis_wa_Kisumu

Bro nakuheshimu lakini apo kwa Ohlmiller umesahau kitu. Stony Brook walikuwa kwa kongamano dogo (yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja), America East. Asilimia kubwa ya mechi zao walikuwa wanapiga timu ambazo hazina uwezo, unafunga 20 mechi imeisha. Charlotte North alikuwa ACC, kongamano la vyuo vikali, kila wiki anapatana na North Carolina, Syracuse, Notre Dame, Virginia. Wewe weka 86 assists za America East na magoli 102 za ACC kwa mizani moja uone gani nzito.

Alafu North hiyo 2021 alifunga magoli 31 kwa tournament ya NCAA (chama cha michezo ya vyuo Marekani) peke yake, record. Hapo hakuna timu dogo. Kwa fainali aliingia na 96, akaongeza sita dhidi ya Syracuse, BC (Boston College) wakashinda 16-10, taji lao la kwanza kabisa baada ya kupoteza fainali tatu mfululizo 2017, 2018 na 2019. Record imevunjwa ndani ya fainali yenyewe! Hiyo ndio record ya maana.

---

Bint_Mvita

Otis hapo umenena kwa uzuri. Ila hii hoja ya timu ndogo mimi huwa hainiingii yote. Hao Stony Brook 2018 walikuwa nambari moja nchi nzima, hawajashindwa mechi hata moja mpaka robo fainali, na waliowatoa ni hao hao Boston College wako, 12-11, tena muda wa ziada. Timu isiyojua mpira haifiki hapo. Wangekuwa wanaonea wanyonge peke yake BC wangewapiga kumi.

---

Kalamu_ya_Pembeni

@Bint_Mvita ahsante dada, umenisaidia. Na kuna kitu kingine kuhusu Stony Brook ambacho watu wanakipita haraka sana. Kabla ya North, rekodi ya magoli kwa msimu ilikuwa 100, ya Courtney Murphy, mwaka 2016. Murphy alikuwa anacheza wapi? Stony Brook hiyo hiyo. Nani alikuwa naye uwanjani 2016 akimlisha mipira? Ohlmiller. Kwa hiyo zile 100 zina alama za vidole vya Ohlmiller pia.

Halafu tazama kilichofuata, msimu wa 2017 Murphy akaumia mwanzoni, nje. Yaani mfungaji wa magoli 100 hayupo. Mtu wa kawaida angesema basi asisti za Ohlmiller zitashuka maana mtu wa kumpa mpira hayupo tena, zikapanda mpaka 86! Akawatafutia wengine nafasi na yeye mwenyewe akafunga 78. Murphy akarudi 2018 wakamaliza pamoja, mmoja akaondoka na rekodi ya magoli ya maisha ya chuo 341, mwingine na rekodi ya pointi 498, chuo kimoja mwaka mmoja. Mimi nikiifikiria hiyo timu ya Joe Spallina huwa nasisimka kabisa.

---

Fundi_Saa

Naomba niongeze kitu ambacho naona hakijaguswa na ndio kinabadilisha hesabu zote, SAA.

Mpaka 2016 lakrosi ya wanawake ya divisheni ya kwanza haikuwa na saa ya kumiliki mpira. Timu ikiwa inaongoza kwa goli mbili dakika za mwisho inaweza kukaa na mpira inauzungusha tu nyuma ya goli, wapinzani wanakimbizana nao mpaka muda unaisha, watazamaji wanalala. 2017 ndio wakaleta sekunde 90, lazima upige shuti ndani ya hizo. Mwaka uliofuata, 2018, wakaondoa ile sheria ya kila mchezaji kusimama alipo filimbi ikilia, sasa filimbi ikilia kwa faulo unaruhusiwa kuendelea kutembea na aliyefanyiwa anaanza mwenyewe. Mchezo ukawa na kasi ya ajabu.

Sasa weka hizo namba tena. Murphy alifunga 100 mwaka 2016, KABLA ya saa. North 102, Taylor 109 wote ni baada ya saa, baada ya kutembea huru, nafasi za kushambulia ni nyingi zaidi kwa mechi. Kwa mtazamo wangu 100 ya Murphy ina thamani kubwa kuliko 102 ya North, samahani Otis.

Ukitaka kuona tofauti ya zama angalia fainali tu. 1982 fainali ya kwanza ya NCAA Massachusetts 9 Trenton State 6. 1984 Temple 6 Maryland 4. Mwaka 1985 New Hampshire 6 Maryland 5. Halafu njoo 2018 James Madison 16 Boston College 15. Huwezi kuchukua mfungaji wa 1984 ukamweka kwenye orodha moja na wa 2021 bila maelezo, ni dhuluma kwa yule wa zamani.

---

Otis_wa_Kisumu

Fundi nakubali saa imeongeza possessions lakini pia imeongeza presha kwa mshambuliaji, defense inajua una sekunde chache wanakungoja tu upige shuti mbaya. Saa haimsaidii mfungaji peke yake. Na North alikuwa anachukua draw yeye mwenyewe, hiyo watu hawaihesabu kabisa

---

Mchafukoge77

Dro ni nini tena

---

Fundi_Saa

@Mchafukoge77 kila goli likifungwa mpira unarudi katikati. Wanasimama wawili, mmoja kila timu, fimbo zao zimelazwa kiunoni mgongo kwa mgongo na mpira umebanwa katikati, refa akipuliza wanavuta juu, mpira unaruka hewani, anayeudaka timu yake inaandikiwa dro. Tofauti na mpira wa miguu ambapo aliyefungwa ndiye anaanza, huku aliyefunga anaweza kuupata tena papo hapo, akafunga tena, akaupata tena. Timu ikitawala dro unaweza kukaa dakika kadhaa hujagusa mpira na unafungwa tu. Kwa hiyo Otis yuko sahihi, mtu anayefunga halafu anarudi katikati anaushinda mpira mwenyewe anajitengenezea nafasi ya goli lingine. Kwenye pointi haionekani hata nukta moja. Dro ina safu yake kwenye karatasi ya takwimu lakini ukisema pointi watu wanajumlisha magoli na asisti basi.

---

Shangazi_Zuwena

Nawasoma wanangu, mnanifurahisha. Mimi niko Ann Arbor, binti yangu alicheza kipa shule ya sekondari kwa hiyo moyo wangu uko golini. Mnazungumza North, Taylor, Ohlmiller, wote washambuliaji. Mnajua 2019 tuzo ya Tewaaraton ambayo ndio tuzo kubwa ya mchezaji bora wa mwaka ilichukuliwa na nani? Megan Taylor wa Maryland, KIPA. Kipa wa kwanza mwanamke kuichukua tangu ilipoanza 2001 na huyo Jen Adams. Maryland wakachukua na ubingwa mwaka huo, wakamfunga Boston College 12-10.

Hizo fainali tatu BC walizopoteza mbili ni Maryland ndio walikuwa upande wa pili. Sasa nyie mnasema rekodi, rekodi ya beki mnaiandikaje? Binti amemkaba mfungaji bora dakika 60 hakupata hata mpira, kwenye karatasi beki ana sifuri sifuri sifuri labda na mpira mmoja aliomnyang'anya mtu. Na kipa akidaka shuti la mita nane, lile pigo la bure ambalo mshambuliaji anakimbia peke yake kutoka kwenye nusu duara anakuja kukuelekea, lile ni jambo la kishujaa kwa sababu kipa hana hata nusu sekunde ya kufikiria. Linaandikwa seivu moja sawa na shuti la kizembe la kutoka pembeni. Inaniuma.

---

Kalamu_ya_Pembeni

Shangazi shikamoo. Umeongea jambo zito na nakubaliana nalo moja kwa moja. Ndio maana nilisema hata asisti tu tumeshindwa kuipa heshima sembuse beki. Mimi nikiandika daftari langu huwa naongeza safu yangu ya mipira iliyozuiwa kabla haijafika, yaani binti ameweka fimbo kwenye njia ya pasi mpinzani akaghairi kupiga. Hakuna mahali popote inapohesabiwa rasmi lakini kocha anaiona.

---

Mlinzi_wa_Ukweli

Jamani na hizi rekodi za maisha ya chuo tuziweke nyota pembeni, yaani alama ya shaka. Wachezaji wa msimu wa 2020 walipewa mwaka wa ziada na NCAA kwa sababu ya Korona. Izzy Scane wa Northwestern kaondoka 2024 na magoli 376, kampita North mwenye 358 ambaye alimpita Murphy mwenye 341. Scane na North wamecheza miaka mitano. Hiyo haki iko wapi?

---

Kalamu_ya_Pembeni

@Mlinzi_wa_Ukweli hii hoja naisikia kila siku, wacha tuichambue taratibu maana ukiifungua ndani utakuta haiko hivyo.

Korona haikuongeza mwaka bure, iliuchukua kwanza. Msimu wa 2020 ulisimamishwa mwezi wa tatu, timu zilikuwa zimecheza mechi chache tu. Sasa hesabu:

North, 2018 na 2019 yuko Duke, 2020 kahamia Boston College msimu ukakatika, halafu 2021 na 2022. Misimu kamili minne na kipande.

Scane, 2019, 2020 kipande, 2021, halafu 2022 HAKUCHEZA kabisa maana alichana ligamenti ya goti, karudi 2023 na 2024. Misimu kamili minne na kipande.

Murphy, 2014, 2015, 2016, 2017 kaumia mapema, 2018. Na yeye misimu kamili minne na kipande!

Yaani hawa watatu wamepata nafasi karibu sawa sawa, kwa hiyo 376, 358 na 341 unaweza kuzilinganisha bila kuweka nyota yoyote. Mimi nilipoziweka pembeni pembeni nikaona hivyo nilifurahi sana kwa sababu nilikuwa nachoka kusikia wasichana waliopoteza msimu wakiambiwa wamependelewa.

Na Scane hebu mpe maua yake. Goti limekatika, mwaka mzima yuko nje anawatazama wenzake, anarudi 2023 anafunga 99 na Northwestern wanampiga Boston College 18-6 kwenye fainali, taji la kwanza la Northwestern tangu 2012. Anachukua Tewaaraton, mwaka unaofuata anachukua tena. Mtu aliyewahi kuumia goti anajua kubadili mwelekeo ghafla kwenye lile goti kunahitaji moyo gani.

Sasa Ohlmiller yeye ni 2015 mpaka 2018, minne kamili bila kipande cha nyongeza. 498. Narudi pale pale.

---

Otis_wa_Kisumu

Hiyo breakdown imeniingia sitapinga. Lakini Ohlmiller hakushinda Tewaaraton hata moja. 2017 ikaenda kwa Zoe Stukenberg wa Maryland, 2018 kwa Sam Apuzzo wa BC. Wapiga kura waliona kitu.

---

Bint_Mvita

Waliona jina la chuo, Otis. Zoe ni Maryland bingwa wa 2017, na Maryland ndio wenye mataji mengi ya NCAA, 14, pamoja na yale saba ya mfululizo 1995 hadi 2001 chini ya Cindy Timchal. Binti mwenye pointi 164 kutoka chuo cha Long Island ambacho hakikufika fainali hawezi kushindana na jina hilo. Simtukani Zoe, alikuwa mchezaji hodari mno, lakini mtu avunje rekodi ya pointi ya msimu na ya asisti kwa mwaka mmoja na tuzo asipate? Haikuwa sawa na sitaacha kusema.

---

Fundi_Saa

Na hiyo ya asisti 86 mnajua imevunjwa mwaka 2025? Watu wote wanaongea 109 ya Taylor, wakati mabingwa wenyewe North Carolina walikuwa na Ashley Humphrey aliyetoa asisti 90. Rekodi imekaa miaka minane imevunjwa na mtu ambaye hata kwenye vichwa vya habari ni wa tatu.

Na aliyekuwa anafunga nyingi kati ya pasi hizo ni nani, mdogo wake mwenyewe, Chloe. Magoli 90, rekodi kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, na Tewaaraton juu yake, wa kwanza kuichukua akiwa mwaka wa kwanza. Chloe alikuwa amekaa nje 2024 kwa majeraha kwa hiyo ndio kwanza alikuwa anaanza. Na dada mwingine Nicole yumo kwenye timu hiyo hiyo. Asisti 90 kwa dada, magoli 90 kwa mdogo.

---

Kalamu_ya_Pembeni

Aisee Fundi hapo umenimaliza, na nakiri hiyo ndio hoja yangu yote kwa mfano mmoja. Taylor na 109 zake alipoteza fainali kwa timu ambayo nguvu yake ilikuwa pasi. Ile 12-8 niliiangalia mwanzo mwisho. Unamwona Ashley amesimama nyuma ya goli, fimbo iko sikioni, hatingishiki, anawaacha mabeki wachanganyikiwe nani amfuate, halafu mpira unatoka tu na mtu anafunga akiwa mita mbili. Mfungaji anashangiliwa, yeye ameshageuka anarudi.

---

Shangazi_Zuwena

Hao ndio wale wazazi wao wanahitaji kupongezwa. Mabinti watatu timu moja bingwa, hayo mapenzi ya nyumbani kwao si ya kawaida.

---

Kasule_K

Nimefika nimechelewa, salamu kutoka Kampala. Nimefurahi sana kuona uzi wa lakrosi kwa Kiswahili, huku Uganda sisi ndio nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia, wanaume walienda Denver 2014. Kwa hivyo watu wa kucheza tuko nao. Shida kwetu ni hiyo takwimu. Mechi zetu nyingi hakuna mtu anaandika, mtoto anafunga vizuri mwaka mzima halafu akitafuta nafasi ya kusoma nje anaulizwa namba zako ziko wapi, hana. Kaka Kalamu hilo daftari lako safu zake unazipangaje? Na kama mtu ni mmoja tu pembeni ya uwanja aanze kuandika nini, hawezi kuandika vyote.

---

Kalamu_ya_Pembeni

Kasule karibu sana ndugu yangu. Mtu mmoja asijaribu kuandika vyote, mchezo una kasi atapotea. Anza na vitu vinne, goli, asisti, dro na seivu. Goli andika namba ya jezi ya mfungaji, halafu pembeni yake hapo hapo namba ya aliyepiga pasi ya mwisho, usisubiri mapumziko maana utasahau na wa kwanza kusahaulika ni mpiga pasi siku zote. Kama mfungaji alikimbia na mpira mwenyewe akakwepa watu wawili watatu ndio akafunga basi hakuna asisti, weka mstari. Dro andika namba ya aliyeudaka mpira, sio aliyeuvuta. Seivu ni shuti ambalo lingeingia kipa asingelizuia, lililopita nje halihesabiwi.

Ukipata mtu wa pili mpe mipira ya chini (ile inayookotwa ikiwa haina mwenyewe) na mipira iliyonyang'anywa, hapo mabeki wataanza kuonekana, Shangazi atafurahi. Na kila mechi andika tarehe, timu pinzani, na dakika mlizocheza maana mashindano mengine yanafupisha muda na bila hiyo huwezi kulinganisha. Nitapiga picha ya ukurasa niuweke hapa kesho nikitoka kazini.

---

Kasule_K

Nitasubiri kaka. Tuna mechi Jumamosi ya wasichana, nitaanza nayo hiyo.